Mstari wa Tisa

Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Mheshimiwa diwani, mwenyekiti wetu wa kijiji, baba mchungaji, sheikh, wazee wangu mliovaa medali zenu leo, mama zangu, na ninyi wanangu wa shule ambao mmesimama juani tangu saa tatu. Wakubwa shikamooni. Wadogo, hamjambo?

Niliombwa niseme kidogo kwa niaba ya familia za mashujaa, dakika kumi. Nimefundisha hesabu kwa miaka 34, dakika kumi nazijua urefu wake. Lakini naomba radhi mapema, leo huenda nikazidisha.

Mwezi uliopita mwenyekiti alinipa karatasi ya majina ya waliokufa vita vya Kagera yatakayochongwa kwenye jiwe letu la kumbukumbu, nihakiki tahajia. Karatasi ina safu tatu: jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali alipofia. Mstari wa tisa ni kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama yangu. Jina limeandikwa sawasawa. Mwaka 1958, sawasawa. Safu ya tatu inasema: Masaka, Uganda.

Hiyo si kweli, ndugu zangu. Na kamati isilaumiwe hata kidogo, kwa sababu uongo huo ulitoka nyumbani kwetu. Kaka yangu hakuiona Masaka. Hakuuona Mto Kagera. Alifia hapo, mnapopaona kutoka hapa mlipokaa, kwenye kona ya chini ya mlima Sekenke. Kutoka pale hadi mlangoni kwa mama ni mwendo wa kuchemsha chai.

Wazee mliobaki, najua mnajua. Naona mmoja ameinamisha kichwa. Mlikuwepo, mlibeba, mlichimba kaburi kwenye tope. Kisha baba alipoanza kusema "Masaka", mkanyamaza. Mlimsitiri. Mlimsitiri mpaka anakufa mwaka 1994, na hakuna hata mmoja wenu aliyemsahihisha, si msibani, si kilabuni, si kwenye ugomvi wa mipaka ya mashamba, ambako watu husemana kila kitu. Nawashukuru kwa hilo. Leo nimesimama hapa kuomba sitara ile tuiondoe, na nitaeleza kwa nini.

Kwa wanafunzi, niseme kwa ufupi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakateka ardhi yetu ya Kagera yote iliyo kaskazini ya mto, yakaua watu, yakachukua ng'ombe, na baadaye yakalivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alihutubia taifa. Mimi nilikuwa na miaka 12. Kijiji kizima kilikuwa na redio tatu, na ile ya dukani ilitolewa nje ikawekwa juu ya debe. Mwalimu akasema kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Nakumbuka watu hawakupiga makofi. Walikuwa kimya, kila mwanamke akimwangalia mwanawe.

Kaka alikuwa mgambo. Walikuwa wakifanya mazoezi kwenye uwanja wa shule na bunduki za mbao alizozichonga fundi seremala, wengine wenye viatu, wengine peku. Tulizoea kuwacheka tukiwa tumekaa kwenye matofali. Basi mwezi ule wa Novemba mazoezi yaliisha ikawa kweli. Jeshi lilihitaji watu maelfu kwa maelfu, na mgambo wakaitwa nchi nzima, na polisi, na magereza, na vijana wa JKT. Vijiji vikachanga ng'ombe, mahindi, fedha. Baba alitoa dume lake moja la kulimia, lile jekundu. Wiki mbili baadaye kaka akapanda lori. Mama alikuwa akisema, mwezi mmoja nimefungua zizi mara mbili.

Alikwenda kambini kwa mafunzo, akatuandikia barua moja tu. Aliomba soksi, akasema buti alizopewa ni kubwa kuliko miguu yake. Soksi mama hakuwa nazo. Alichana khanga yake ya zamani, ile yenye ua la korosho, akamtumia vipande viwili kwa mkono wa askari mmoja aliyekuwa akirudi kambini. Mkikumbuka neno moja tu kati ya haya ninayosema, likumbukeni hilo la vipande vya khanga.

Ikafika Januari 1979. Magari ya jeshi na malori ya raia yaliyochukuliwa kwa kazi ya vita yalikuwa yakipita hapa usiku na mchana kuelekea Nzega, kisha Shinyanga, kisha Mwanza, na kutoka Mwanza watu na mizigo wavushwe ziwa kwenda Bukoba. Leo mnapita Sekenke kwenye lami mkiwa mnasinzia ndani ya basi. Wakati ule ilikuwa barabara ya udongo, na masika yakishika, ule mteremko ulikuwa sabuni. Sisi watoto wa chini ya mlima tulijua sauti ya gari linaloshuka vizuri na sauti ya gari lililokatika breki. Tulizijua kama mnavyojua leo milio ya simu zenu.

Siku ile tulikuwa shambani na mama, tunapalilia mtama. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Nikasikia sauti ile mbaya, injini inalia juu kabisa, honi haikomi. Mama akasimama, akashika jembe kwa mikono miwili. Halafu kukawa na mshindo mmoja, kisha kimya, na ndege wote wa kwenye mibuyu wakaruka.

Tulikimbia kama watu wote walivyokimbia. Hatukujua kama kaka yumo. Hakuna aliyejua kwamba kikosi chake kinapita siku hiyo, nani angetuambia? Nilichokiona kwanza ni sembe. Lori lilikuwa limepakia magunia ya sembe na watu wamekaa juu yake, na magunia yalikuwa yamepasuka ukingoni mwa korongo, unga mweupe umemwagika kwenye tope jekundu unageuka uji. Wanaume walikuwa wakikaa chini humo, wameshika vichwa, weupe miili mizima. Wengi walikuwa wazima. Walikuwa wameshika kamba.

Mama hakumtambua kwa uso. Alimtambua kwa mguu. Buti moja ilikuwa imechomoka, na pale kifundoni, kikiwa kimezungushwa vizuri kama mtu anavyomfunga mtoto, kilikuwa kipande cha khanga cha ua la korosho.

Sitaendelea na hapo.

Tulimzika siku ileile jioni. Ofisa kijana, naye tope hadi magotini, alimkabidhi baba bereti kwa mikono miwili. Hakukupigwa mizinga wala risasi hewani. Risasi zilikuwa zinahitajika mbele. Alfajiri msafara ukaondoka. Sembe iliyosalimika wakaenda nayo. Na baba yangu, ambaye alikuwa mtu wa maneno mengi, akawa mtu mwingine.

Uongo ulianza pale matanga. Mjomba wa baba alifika kutoka mbali akauliza, kama mnavyojua tunavyouliza, "Amefia wapi?" Baba akajibu, "Vitani." Hilo halikuwa uongo bado, au lilikuwa nusu. Mwezi uliofuata redio ikatangaza kwamba vijana wetu wameiteka Masaka, na watu wakacheza ngoma barabarani. Mtu mwingine akamuuliza baba swali lilelile, na safari hii nilimsikia kwa masikio yangu: "Masaka."

Mwalimu wa hesabu nimekuja kuwa baadaye, lakini hata siku ile nilijua hesabu hiyo haikubali. Masaka ilichukuliwa mwishoni mwa Februari. Kaburi la kaka lilikuwa na majani tayari.

Kwa nini alifanya hivyo? Nimelifikiria miaka mingi. Nadhani ni kwa sababu ya vijana waliorudi. Vita viliisha, Kampala ilikuwa imeanguka Aprili, na wakaanza kurudi na hadithi. Wa nyumba ile alivuka Mutukula, pale mpakani. Wa nyumba ile alikuwa Lukaya, kule Uganda, usiku ule mgumu wa mapigano. Wa nyumba nyingine hakurudi, na wenzake walikuja kueleza jinsi alivyopigwa akiwa mbele. Baba anasikiliza. Yake ni ipi? Mwanangu alidondoka kwenye lori. Hata mpaka hakuufikia. Na kweli, wapo waliosema hivyo, si kwa ubaya, mdomo tu. Nilimsikia mama mmoja kisimani akisema, "Yule hakufika hata vitani." Nilikuwa nimejitwika ndoo. Niliimwaga.

Sasa naomba wanafunzi wa darasa la sita na la saba wanisaidie hesabu. Maandishi ya historia ya vita vile yanataja askari wetu 373 waliopoteza maisha. Kati yao, waliouawa katika mapigano wanatajwa kuwa 96. Haya, 373 toa 96. Nani? Sema kwa sauti, mwanangu. 277. Ahsante.

Wazee, mmesikia? Nilipoisoma hesabu hii mara ya kwanza nilikuwa chuoni, kwenye maktaba, na nilifunga kitabu nikatoka nje. Kwa kila askari mmoja aliyeangushwa na adui, karibu watatu waliondoka kwa njia nyingine. Magari yaliyopinduka, maradhi ya mahandakini, maji, silaha iliyofyatuka yenyewe mikononi mwa kijana aliyefundishwa wiki chache. Siku za mwanzo kabisa za vita, kule Musoma, walinzi wetu wa anga walitungua ndege zetu wenyewe wakidhani ni za Amin. Waliokuwa mle ndani walikuwa na mama zao, na hao mama waliulizwa pia, "Amefia wapi?"

Na haikuanza na vita vya Amin. Babu zetu waliochukuliwa Vita Kuu ya Kwanza kubeba mizigo, wengi mno walimalizwa na njaa, kuhara na homa kwenye njia za porini, bila kumwona hata huyo adui wanayemwendea. Jina la Kariakoo, hapo Dar es Salaam mnakokwenda kununua nguo, limetokana na kikosi chao cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps. Na kwenye lile sanamu la Askari, mtaa wa Samora, maandishi yanawakumbuka wapagazi kama miguu na mikono ya jeshi. Mimi nikienda Dar huwa napita pale. Nasimama upande wenye maandishi, watu wa dukani wananishangaa.

Miguu na mikono. Jeshi haliwezi kufika Kampala bila sembe kushuka Sekenke. Na sembe haishuki Sekenke bila mtu kukaa juu ya magunia. Kaka alikuwa amekaa juu ya magunia.

Hapa nimefika kwenye jambo ambalo baba hakulisema kwa mtu, na mimi nililijua mwaka 1986.

Mwaka huo alikuja mgeni nyumbani, mtu mzima, amevaa koti wakati wa jua kali, amebeba jogoo. Akabisha hodi mara tatu, akakaribishwa, hakukaa. Akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa naendesha." Baba akainuka akaingia ndani. Mama akabaki. Dereva yule alikuwa raia. Lori lilikuwa la tajiri wake, lilichukuliwa na dereva wake pamoja. Miaka saba alikuwa akipita barabara hii na kila akifika kwenye kona anazima redio ya gari. Akaeleza: gia ilikataa kuingia, breki zilikuwa zimeshika moto tangu juu, akajaribu kulibana lori ukutani mwa mlima, likakataa, tairi la nyuma likaingia korongoni. Alieleza kama anayejibu mahakamani, mikono imebana magoti.

Mama hakumuuliza chochote kuhusu breki. Alimuuliza hivi: "Alikuwa amelala au yuko macho?"

Dereva akanyamaza muda mrefu. Akasema, "Mama, alikuwa amesimama."

Walipofika juu ya mlima, pale unapoliona bonde lote la Wembere na nyumba zetu zimekaa chini kama punje, kaka alisimama juu ya magunia. Wenzake walimwambia kaa. Alikuwa anapiga paa la kebini kwa kiganja, anamwita dereva, anasema kwetu ni pale, pale penye mibuyu miwili, na huyo shambani ni mama yangu. Dereva alisema alimsikia vizuri kabisa, na alicheka. Mteremko ulikuwa haujawakamata bado. Ulipowakamata, waliokaa walishika kamba. Yeye mikono yake ilikuwa juu.

Yaani alituona. Sisi tulikuwa tumeinamia mtama, yeye anatuona.

Baba alikuwa analijua hilo tangu siku ya mazishi, askari walimwambia. Na nadhani ndilo lililomshinda. Risasi ina mwenye kulaumiwa. Ajali yenye gari bovu ina wa kumnung'unikia. Lakini mtoto aliyekufa kwa sababu alisimama kuangalia kwao, utamweleza nani? Akamchukua mwanawe akampeleka Masaka, kwa mdomo, akamlaza kule penye heshima. Simlaumu baba yangu. Nimekuwa mzazi, nimezika, simlaumu.

Mama alimpikia yule dereva. Jogoo hakumchinja, alimfuga. Dereva alikuja tena miaka kadhaa, halafu hakuonekana, na hatukupata habari zake.

Sasa mwezi uliopita, karatasi hii ya majina ilipoletwa nyumbani, nilimsomea mama. Ana miaka themanini na kitu, macho hayapo, masikio yapo. Nikafika mstari wa tisa, nikasoma mpaka mwisho, kwa mazoea, maana hata mimi nimejaza fomu kwa neno hilo, Masaka, mara sijui ngapi. Mama akanishika mkono. Akasema, "Masaka hana ndugu hata mmoja. Kwa nini mnamlaza huko peke yake?"

Ndugu zangu, miaka yote hii nilidhani tunamlinda mama.

Nimewahi kwenda Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wetu wa vita vile. Makaburi yamepangwa mistari kwa mistari, yametunzwa. Kila 25 Julai tunaona kwenye televisheni wakuu wa nchi wakiweka mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, na buruji inapigwa, na mimi hulia kila mwaka kama watu wengine. Nilipokuwa Kaboya nilijikuta natafuta kaburi lisilokuwepo pale. Nilikuwa najua halipo. Lipo nyuma ya nyumba yetu, mbuzi wanapita karibu. Lakini uongo ukikaa sana nyumbani, hata wewe uliyeubeba unaanza kuutafutia kaburi.

Kuna mtu atasema, mwalimu, mwacheni marehemu na heshima yake, neno "Masaka" linampamba. Namheshimu atakayesema hivyo, lakini namkatalia. Tukimwandika Masaka, tunawaambia akina mama wa wale 277 kwamba watoto wao hawatoshi mpaka wapewe kifo cha mtu mwingine. Na wapo vijana wetu wa leo jeshini. Humu uwanjani wapo wazazi wao. Gari linapinduka leo pia. Mazoezi yana ajali leo pia. Mzazi akipigiwa simu ile, asianze kutafuta jina la mji wa kumwambia mjomba.

Mwenyekiti, naomba mambo mawili, nitakaa.

La kwanza, mstari wa tisa ubaki ulipo, katikati ya wenzake. Sikubali ahamishwe chini kwenye fungu la "wengineo", maana nimesikia pendekezo hilo nalo lipo. Aliitwa, akaenda, akavaa walichompa hata kama kilimpwaya.

La pili, safu ya tatu. Nimeongea na fundi. Herufi anazotumia zina upana wa sentimita mbili, na nafasi ya safu ile ni sentimita 30. Masaka, Uganda, ni herufi kumi na mbili. Sekenke ni herufi saba. Inaingia na nafasi inabaki. Nimepima mwenyewe na rula asubuhi.

Fundi anaanza kuchonga Alhamisi. Hili ni jiwe la kijiji, siwezi kuamua peke yangu, wala familia haiwezi. Mama yuko nyumbani na mjukuu, amekataa kula mpaka nirudi nimwambie mmesemaje. Kwa hiyo, mwenyekiti, naomba uwaulize wananchi.